Sangara wa Sentimita 50 na Mikono ya Mhusika wa Kidijitali

Kazi yangu hapa Mwanza ni kutengeneza masomo mafupi ya katuni yanayotazamwa kwenye simu, na walengwa wangu wakubwa ni watu wa ziwani: wavuvi, wachuuzi wa dagaa, akina mama wanaokaanga samaki na vijana wanaoshona nyavu. Karibu kila somo lina mhusika mmoja anayesimama mbele ya mtazamaji na kuzungumza naye. Sauti yake siku hizi haisumbui sana, kwa kuwa ama tunamrekodi msomaji au tunatumia programu inayosoma matini kwa sauti, na midomo huifuata sauti hiyo kwa utaratibu unaoeleweka. Kinachosumbua ni mikono. Mhusika akizungumza huku mikono imelala ubavuni, mtazamaji hukinai baada ya sentensi chache. Mikono ikichezacheza bila mpango, mtazamaji huacha kusikiliza na kuanza kuitazama mikono.

Kwa sababu hiyo nimekuwa nikifuatilia kwa karibu tawi la utafiti linaloshughulikia jambo hili hasa, yaani kuipa kompyuta matini na kuitaka itoe miondoko ya mikono, mabega na kichwa inayolingana na maneno. Ni tawi lililopiga hatua kubwa, nami naliheshimu. Hata hivyo, kadiri ninavyolisoma huku miswada ya Kiswahili ikiwa mezani, ndivyo ninavyozidi kuamini mambo mawili. La kwanza ni kwamba mikono ambayo modeli za tawi hili, yaani programu zinazojifunza kutokana na mifano mingi, zimejifunza si mikono ya watu ninaowatengenezea masomo. La pili, ambalo sijaliona likisemwa vya kutosha, ni kwamba matini ya Kiswahili yenyewe hubeba maelekezo mengi ya mikono, na kompyuta inaweza kuyasoma maelekezo hayo iwapo aliyeijenga anaijua lugha.

Tuanze na ishara yenyewe. Adam Kendon, aliyelishughulikia somo hili kwa miongo mingi, alionyesha kwamba ishara moja ya mkono ina hatua zake: mkono huondoka mahali ulipopumzika na kujiandaa, hufika kwenye tendo lenyewe ambalo ndilo lenye maana, pengine hutulia hapo kidogo, kisha hurudi kupumzika. David McNeill, katika kazi yake ya mwaka 1992, alizigawa ishara zinazoandamana na usemi katika makundi ambayo watafiti wanayatumia hadi leo: zinazochora umbo au mwendo wa kitu, zinazolipa umbo wazo lisiloonekana, zinazoelekeza mahali, na za mapigo, ambazo hazichori chochote bali hutilia mkazo kinachosemwa. Alieleza pia kanuni ya wakati ambayo kila mtengenezaji wa katuni angefaa kuijua: tendo lenyewe hutangulia silabi yenye uzito au hukutana nayo, wala halichelewi baada yake. Mtazamaji ambaye hajawahi kusikia habari za kanuni hii huihisi kasoro mara moja mkono unapochelewa, ingawa hawezi kuitaja.

Mwaka 1998 Jana Iverson na Susan Goldin-Meadow walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba watu wasioona tangu kuzaliwa hutumia mikono wanapozungumza, hata wanapozungumza na mwenzao asiyeona. Maana yake ni kwamba ishara si pambo linaloongezwa kwa ajili ya mtazamaji, bali hutoka pale pale maneno yanapotoka. Ugumu wa kazi hii nzima uko hapo. Mtu anapowaza jambo, sehemu ya wazo hutoka kwa ulimi na sehemu hutoka kwa mkono, na mwandishi wa mswada ameandika ile ya ulimi peke yake. Kompyuta inayopewa matini inatakiwa kuirudisha sehemu ambayo hakuna aliyeiandika.

Historia ya majaribio hayo nitaipitia haraka. Mwaka 1994 Justine Cassell na wenzake waliwasilisha wahusika wawili wa kompyuta waliozungumza wao kwa wao, huku programu ikipanga maneno, kiimbo, uso na mikono kwa pamoja. Mwaka 2001 Cassell, Hannes Vilhjálmsson na Timothy Bickmore wakatoa BEAT, mfumo uliopokea matini ya kawaida, ukaichambua kisarufi, ukatafuta maneno yenye habari mpya, kisha ukapendekeza ishara kwa kufuata kanuni zilizoandikwa na binadamu. Baadaye kanuni ziliachia nafasi modeli zinazojifunza kutokana na data. Mwaka 2019 Youngwoo Yoon na wenzake wa Korea Kusini walifundisha mtandao wa neva bandia, ambao ni modeli ya aina hiyo, kwa takriban saa 52 za video za mihadhara ya jukwaani ya TED, matini ikiingia upande mmoja na miondoko ikitoka upande wa pili, na wakaijaribu kwenye roboti aina ya NAO. Mwaka huo huo Shiry Ginosar na wenzake wa Marekani wakatoa saa 144 za video za wazungumzaji 10. Mwaka 2021 Uttaran Bhattacharya na wenzake wakatumia transfoma, aina ya modeli inayoyatazama maneno yote ya sentensi kwa pamoja, iliyopokea, pamoja na matini, hisia inayokusudiwa, jinsia ya mzungumzaji na mkono anaoutumia zaidi. Tangu hapo zimekuja modeli zinazoanza na kelele tupu za namba na kuzisafisha hatua kwa hatua hadi mwondoko utokee, na hizi zimeondoa ule ulegevu wa zamani, ambapo modeli ilichukua wastani wa ishara zote zinazowezekana ikaishia kuutikisa mkono kidogo tu katikati ya kifua.

Sasa nenda Mwaloni, pale Kirumba, asubuhi wakati mitumbwi imeshusha mzigo, umuulize mchuuzi sangara wa jana walikuwa na ukubwa gani. Wengi hawatatenga viganja viwili hewani. Mchuuzi ataunyoosha mkono mmoja mbele, vidole vikiwa vimeungana, kisha kwa ubapa wa mkono wa pili ataukata ule mkono mahali fulani, kama vile kisu kinavyopita juu ya ubao: "Wengi walikuwa hapa," na ubapa unatua chini ya kiwiko, "lakini mmoja alifika hapa," na ubapa unapanda hadi karibu na bega. Mkono mzima umekuwa samaki. Anayetazama haachwi akikisia umbali kati ya vitu viwili vinavyoelea hewani, kwa sababu kipimo kimebandikwa mwilini, na mwili huo anao yeye pia.

Nina mswada wenye sentensi hii: "Sangara asiyefikia sentimita 50 na sato asiyefikia sentimita 25 hawaruhusiwi kuvuliwa." Modeli iliyolelewa kwa mihadhara ya jukwaani ikipewa sentensi hiyo, jambo linalotarajiwa ni mapigo mawili ya mkono kwenye zile namba, au viganja viwili vilivyotengana kwa umbali usiolingana na chochote. Kwake 50 na 25 ni vipande vya matini kama vipande vingine. Lakini kwa mvuvi, umbali kutoka ncha ya kidole cha kati hadi kwenye kiwiko ni dhiraa, ambayo kwa mtu mzima hukaribia sentimita 45. Sentimita 50 kwa hiyo ziko juu kidogo ya kiwiko. Sentimita 25 zimezidi kidogo shibiri, na kwenye mkono ulionyooshwa zinaangukia juu ya kifundo, mwanzoni mwa kigasha. Mhusika wangu akiukata mkono wake mahali hapo pawili wakati wa kutaja namba hizo, mvuvi anaondoka na rula ambayo hawezi kuisahau nyumbani. Akiukata mahali pengine, somo limefundisha sheria isiyokuwapo.

Linafuata swali la kiufundi ambalo nimelitafakari sana. Wahusika wa katuni hawana vipimo vya binadamu. Vichwa vyao ni vikubwa na mikono yao mara nyingi ni mifupi. Tukiiagiza programu iweke alama kwenye sentimita 50 za dunia ya katuni, alama itaishia begani au nje ya mwili kabisa. Ishara hii isihifadhiwe kama umbali, bali kama mahali kwenye kiungo: juu kidogo ya kiwiko, upande wa bega. Modeli nyingi hutoa mfululizo wa pembe za viungo au nafasi za nukta, nazo hazina namna ya wazi ya kusema kwamba mkono wa kulia lazima uguse mkono wa kushoto mahali fulani. Kugusana kwa viungo ni jambo linaloharibika kwa urahisi mwondoko unapohamishwa kutoka mwili mmoja hadi mwingine, na ishara zetu nyingi za kupima hutegemea kugusana.

Katika miswada yangu mingine sentensi haina hata namba. "Tundu la wavu likiwa hivi, liache." Msomaji wa kimyakimya hupita juu ya "hivi" bila taabu, lakini mzungumzaji hawezi kuitamka bila kuonyesha kitu, na akitamka huku mikono imetulia sentensi inabaki na shimo. Hali ni ile ile kwa "hapa," "pale," "kiasi hiki," "namna hii." Programu yoyote ya kusoma matini ya Kiswahili inaweza kuyatambua maneno haya kwa kanuni nyepesi, bila saa 144 za video, na kutangaza kwamba hapa ishara ni ya lazima. Kujua ni ishara gani ni kazi ya pili, tena ngumu zaidi. Lakini kujua mahali inapohitajika ni nusu ya safari, na nusu hiyo lugha imetupa bure.

Lugha haiishii hapo. Mwaka 2003 Sotaro Kita na Aslı Özyürek walichapisha ulinganisho wa wasemaji wa Kiingereza, Kijapani na Kituruki waliosimulia katuni moja, na mojawapo ya matukio yake ni la paka anayebiringika kuteremka barabara. Kiingereza hufunga namna ya mwendo na njia ya mwendo katika kishazi kimoja, na wasemaji wake wengi walivionyesha vyote viwili kwa ishara moja, mkono ukizunguka huku unashuka. Kijapani na Kituruki huvitenganisha, na wasemaji wake walielekea zaidi kutoa ishara mbili, moja ya kubiringika na moja ya kushuka. Kiswahili katika jambo hili kiko upande wa Kijapani na Kituruki. Vitenzi vyetu vya mwendo hubeba njia: ingia, toka, panda, shuka, vuka, zunguka. Namna ya mwendo huja kando: "aliteremka huku akibiringika." Watengenezaji wengine huona njia ya mkato kuwa ni kutafsiri mswada wa Kiswahili kwa Kiingereza, kuipa modeli tafsiri hiyo, kisha kuurudisha mwondoko juu ya sauti ya Kiswahili. Wakifanya hivyo watapata ishara moja iliyoshikana wakati sauti inasema mambo mawili kwa zamu, na mkono utakuwa umemaliza kazi kabla "akibiringika" haijatamkwa.

Namna hiyo ya mwendo, mara nyingi sana, hatuiachii kitenzi bali tanakali ya sauti. Jiwe linatumbukia majini chubwi. Mzigo unaanguka pu. Mlango unafungwa ndi, ndoo inajaa pomoni, ufuko unakuwa kimya jii. Mark Dingemanse, aliyechunguza lugha ya Kisiwu huko Ghana, ameonyesha kwamba maneno ya aina hii katika mazungumzo ya kila siku hupenda kuandamana na ishara zinazochora kile kinachosemwa. Anayetaka kuamini kwamba hata Kiswahili kina tabia hiyo amsikilize mtu wa Ukerewe akisimulia namna boya lilivyozama: mkono unatangulia kushuka, "chubwi" inatoka mkono ukiwa chini, na hakuna pigo lolote la mkono linalopotea kwa jambo jingine. Kwa mtengenezaji wa wahusika, tanakali ni mahali ambapo neno lenyewe linataja umbo na kasi ya mwondoko. "Pu" ni zito, moja, lenye kusimama ghafla. "Ndi" linabana. Uradidi nao ni wa jamii hiyo hiyo: "polepole," "kidogokidogo," "mmojammoja," "alimpigapiga mgongoni," yote huomba tendo linalorudiwa, na mara nyingi neno linaonyesha hata ukubwa wa kila rudio.

Modeli za lugha tulizonazo haziyaoni haya vizuri. XLM-R na AfriBERTa, ambazo zote zinakijua Kiswahili, zimelelewa zaidi kwa habari na kurasa za mtandaoni, na habari hazina tanakali nyingi. Neno lisiloonekana mara kwa mara hukatwakatwa vipande visivyo na maana, na "chubwi" huingia kwenye hesabu kama mabaki ya herufi. Wakati huo huo neno refu la kawaida kama "walivyotuzungushia" nalo hukatwa, na ni bahati kama mpaka utaangukia kwenye mzizi "zungush-," ambao ndio unaovuta mkono. Napendekeza kwamba kwa kazi ya ishara, matini ya Kiswahili ipitie kwanza kwenye uchambuzi wa mofolojia, yaani wa mizizi na viambishi vya maneno, ili mzizi ujulikane ulipo na silabi zake zihesabiwe, kisha ndipo iingie kwenye modeli. Wataalamu wa kompyuta wa siku hizi hawapendi hatua za namna hii wakiamini kwamba data ikiwa nyingi modeli itajifunza yenyewe. Sisi data hiyo nyingi hatunayo.

Katika upangaji wa wakati Kiswahili ni lugha yenye huruma sana. Mkazo wa neno huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, ukiacha maneno machache ya kukopa kama "lazima" na "Afrika." Mtu anayeshughulika na Kiingereza hana budi kutafuta mkazo kwenye kamusi au kwenye sauti, ilhali sisi tunausoma kwenye maandishi. Kinachobaki ni kujua ni neno gani katika sentensi lenye uzito, na hapo pia sarufi yetu husema kwa uwazi. "Wavuvi ndio wanaopaswa kuchunga mazalia" imekwisha kuonyesha mahali pa kupiga mkono. Hali kadhalika, BEAT ya 2001 ilihitaji kukisia habari mpya kwa kuangalia kama neno limekwisha kutajwa, lakini sisi tukisema "nimeushona wavu," ile "u" ndani ya kitenzi imetangaza kwamba wavu unajulikana kwa wote wawili, tofauti na "nimeshona wavu." Katika sentensi ya kwanza mkono hukifuata kitendo cha kushona, katika ya pili wavu wenyewe unaweza kuchorwa, kwa kuwa ndiyo mara ya kwanza unaingia kwenye mazungumzo. Sidai kwamba kila mzungumzaji hufanya hivyo kila mara. Nasema kwamba hapa pana dhana inayoweza kupimwa kwa video, na kwamba isingemjia mtu anayekitazama Kiswahili kupitia tafsiri.

Upande wa adabu, mambo ni mazito zaidi, maana kosa la wakati humchosha mtazamaji lakini kosa la adabu humuudhi. Nimetaja kwamba modeli ya 2021 hupokea taarifa ya mkono ambao mzungumzaji huutumia zaidi. Wengi wa wanaofundisha modeli za miondoko hutumia pia mbinu ya kugeuza data kama inavyoonekana kwenye kioo, kulia kuwa kushoto, ili kuiongeza maradufu bila gharama. Kwa hesabu ni mbinu nzuri. Kwa mhusika anayempa mama dawa ya maji, anayemwonyesha mzee njia, au anayemkaribisha mgeni, mbinu hiyo inazalisha mkono wa kushoto mahali ambapo mtu aliyelelewa vizuri hawezi kuutoa. Kita, pamoja na James Essegbey, walieleza mwaka 2001 jinsi mwiko wa mkono wa kushoto unavyobadili ishara za watu wa Keta, Ghana, hata wakati wa kuelekeza kitu kilichoko kushoto: mkono wa kulia huvuka mwili, na wa kushoto pengine huwekwa mgongoni. Kwetu mipaka ya mwiko huu hailingani na ya Keta, kwa sababu kumwelekeza mtu kwa mkono wa kushoto ukiwa umebeba ndoo kwa wa kulia kunavumilika, lakini kumpa au kupokea kwa kushoto hakuvumiliki. Kanuni kama hii hufundishwa kwa mifano ya watu wetu au huandikwa waziwazi, wala haiwezi kuibuka yenyewe kutoka kwenye mihadhara ya jukwaani.

Kuna pia namna ya kuonyesha kimo. Katika jamii kadhaa za Afrika Mashariki, kiganja kilicholazwa na kutazama chini hupima mnyama au kitu, na mtoto wa mtu hapimwi hivyo. Kwake kiganja husimamishwa au hugeuzwa, ili asifananishwe na ndama wala asionekane kama anabonyezwa asikue. Somo la kliniki linalosema "mtoto wa kimo hiki" likimwonyesha muuguzi wa katuni amelaza kiganja, bibi aliyembeba mjukuu atalisikia neno "chanjo" akiwa tayari amekasirika. Halafu kuna kuelekeza kwa kidevu na kwa midomo, hasa tunapomtaja mtu aliye karibu ambaye si adabu kumnyooshea kidole. Hazina za data zinazohifadhi viungo vya mabega, viwiko na viganja peke yake haziwezi kuiona midomo, na mwelekezo mzima unapotea.

Huenda mtu akauliza kama haya hayaondolewi na hazina kubwa zaidi. Hazina iliyotolewa mwaka 2022 kwa jina lile lile la BEAT, ingawa haihusiani na mfumo wa 2001, ina saa 76 za wazungumzaji 30 katika lugha nne, nazo ni Kiingereza, Kichina, Kihispania na Kijapani. Ni kazi kubwa na ya kupongezwa. Kiswahili hakimo. Tunayo sauti ya Kiswahili kwenye Common Voice, hazina huria ya sauti zilizorekodiwa, ambayo wengi wamejitolea kuijenga, lakini sauti hiyo haina mikono.

Upimaji pia una la kutufundisha. Katika GENEA, shindano la mifumo ya kutengeneza ishara, la mwaka 2022, ambapo mifumo kadhaa ilipimwa kwa pamoja mbele ya watazamaji, mfumo mmoja ulitoa miondoko iliyoonekana ya kibinadamu kuliko hata ile iliyonaswa kutoka kwa binadamu halisi. Lakini watazamaji walipotakiwa kutambua ni mwondoko gani unaendana na usemi husika na upi umechukuliwa kutoka kwenye usemi mwingine, mifumo yote iliachwa mbali sana na binadamu. Ninaliona jambo hili kuwa kiini cha hali ilivyo. Ulaini wa mwondoko umepatikana, na maana bado. Kwa masomo ya ziwani kipimo ninachokitaka ni kikali kuliko hicho: mwonyeshe mvuvi kipande kisicho na sauti, umuulize samaki anayezungumziwa ana ukubwa gani. Jibu lake likikaribia sentimita 50, ishara imefanya kazi.

Kunasa mikono yetu si jambo la bajeti ya kutisha. MediaPipe, programu ya Google inayotumika bila malipo, husoma nukta 33 za mwili na 21 za kila kiganja kutoka kwenye video ya kamera ya kawaida. Kikwazo chake kiko pale pale tunapoihitaji: mkono mmoja ukiuziba mwingine, programu hupoteza nukta au huzibadilisha kati ya kulia na kushoto, na ile ishara ya kuukata mkono ni kuzibana kutoka mwanzo hadi mwisho. Kwa hiyo kamera ziwe mbili, moja mbele na moja ubavuni, na video zisawazishwe kwa kofi moja linalopigwa mwanzoni. Anayerekodiwa asiambiwe "onyesha ishara," kwa kuwa ataigiza. Aombwe aeleze jinsi ya kushona wavu uliochanika, jinsi dagaa wanavyoanikwa na kugeuzwa, au njia ya kutoka Igoma hadi Capri Point, mji huu wa vilima na mawe ukimlazimisha kupandisha na kuteremsha mkono. Wawepo wanawake wa kutosha, maana usindikaji wa dagaa na biashara yake viko mikononi mwao kwa sehemu kubwa, na wawepo wazee. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatumika, hata kama uso utafutwa na kubaki nukta peke yake, kwa kuwa mtu hutambulika kwa mwendo wake. Ridhaa iombwe kwa Kiswahili kinachoeleweka, na Msukuma asiyekimudu Kiswahili aelezwe kwa Kisukuma.

Kazi itakayokula muda ni ya kuweka alama: kila ishara inaanza wapi, tendo lenyewe liko wapi, linarudi wapi, na limeshikamana na neno gani. Inahitaji watu wawili kwa kila kipande cha video, kila mmoja akifanya peke yake, kisha walinganishe. Pale watakapotofautiana, video irudishwe kwa aliyerekodiwa, naye aulizwe mkono wake ulikuwa unaonyesha nini.